Mwamuzi wa Mpira Analindwa na Sheria

Bila shaka umewahi kutazama mpira kijijini kwenu. Jioni, jua likipungua ukali, watu hutoka mashambani na pwani wakaenda uwanjani. Timu mbili huingia. Katikati yao husimama mtu mmoja mwenye filimbi. Huyo ndiye mwamuzi. Wengi wetu humwita refa.

Kazi ya mwamuzi ni ngumu. Kila timu ina wachezaji kumi na mmoja, na ina washabiki wake. Mwamuzi hana timu wala washabiki. Akipiga filimbi, upande mmoja hufurahi na upande wa pili hukasirika. Mara nyingine hasira hiyo haiishii kwenye maneno. Watu huingia uwanjani, humsukuma mwamuzi, hata humpiga.

Wako watu wanaofikiri kuwa hilo ni jambo la mpira tu. Husema, "Ya uwanjani yaishie uwanjani." Fikra hiyo si sahihi. Kumpiga mwamuzi ni kosa la jinai, yaani kosa ambalo mtu hushtakiwa kwalo mahakamani. Tusome sasa tujue sheria inasema nini, na sisi wanakijiji tufanye nini.

KAZI YA MWAMUZI

Sheria za mpira zimempa mwamuzi madaraka. Yeye ndiye anayeamua kama bao ni halali. Yeye ndiye anayeamua kama mchezaji ameotea, au amecheza vibaya. Uamuzi wake juu ya mambo ya mchezo ni wa mwisho. Anaweza kumwonya mchezaji kwa kadi ya njano. Anaweza kumtoa nje kwa kadi nyekundu. Akiona kuna hatari, anaweza kusimamisha mchezo, au kuuvunja kabisa.

Kadi hizo zilianza kutumika katika Kombe la Dunia mwaka 1970, nchini Meksiko. Aliyezibuni ni mwamuzi wa Kiingereza, Ken Aston. Kabla ya hapo, mwamuzi wa nchi moja na mchezaji wa nchi nyingine hawakuelewana lugha. Kadi ilimaliza tatizo hilo. Rangi ya njano na rangi nyekundu kila mtu huzielewa, hata asiyejua kusoma.

Je, mwamuzi anaweza kukosea? Ndiyo, anaweza. Yeye ni binadamu. Katika viwanja vikubwa siku hizi waamuzi husaidiwa na picha za video. Katika Kombe la Dunia, msaada huo ulianza kutumika mwaka 2018. Mwamuzi wa kijijini hana picha za kurudia. Ana macho yake mawili, na pengine washika vibendera wawili. Anakimbia pamoja na wachezaji, na anatakiwa kuamua papo hapo.

Sisi tunaoishi kisiwani tuna sababu zaidi ya kumtunza mwamuzi. Mwamuzi wetu si mgeni. Pengine ni mwalimu, au fundi, au mvuvi. Leo anachezesha mpira. Kesho mtakutana naye dukani, msikitini au bandarini. Akipigwa leo, ataiweka chini filimbi yake. Na mwingine akiona hivyo, ataogopa kuishika.

Basi, kombe la kugombea mbuzi au ng'ombe litachezeshwa na nani? Itabidi mwamuzi aitwe kutoka bara. Alipiwe nauli ya chombo kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Apewe chakula na mahali pa kulala. Vijiji vingi havina fedha hizo. Mwisho wake ni kwamba mashindano yatakufa, na vijana watakosa mchezo. Hali ni hiyo hiyo kwa wasichana wanaocheza netiboli. Bila mwamuzi hakuna mchezo.

YALIYOTOKEA MAHALI PENGINE

Ugomvi huu hauko vijijini tu. Mwezi wa Machi 2012, timu za Yanga na Azam zilicheza mchezo wa Ligi Kuu jijini Dar es Salaam. Baadhi ya wachezaji wa Yanga walimshambulia mwamuzi. Jambo hilo lilifikishwa mbele ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, yaani TFF, na wachezaji kadhaa walipewa adhabu ya kufungiwa.

Mwezi wa Desemba 2012, jambo kubwa zaidi lilitokea nchini Uholanzi, katika mji wa Almere. Baba mmoja alikuwa akishika kibendera katika mchezo wa timu ya mwanawe. Hakulipwa. Alijitolea tu. Baada ya mchezo, vijana wa timu ya pili walimpiga mateke. Kesho yake alikufa. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana sita pamoja na baba wa mmoja wao. Baba huyo alifungwa miaka sita. Tazama hasara hiyo. Mtu mmoja amekufa na wengine wamefungwa, kwa sababu ya mchezo wa vijana.

Mwezi wa Desemba 2023, nchini Uturuki, rais wa timu moja kubwa aliingia uwanjani akampiga mwamuzi ngumi ya uso. Ligi zote za nchi hiyo zilisimamishwa kwa muda. Rais huyo alikamatwa na polisi, akashtakiwa. Cheo chake hakikumsaidia. Wazee walisema kweli: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Hapa Tanzania Bara tuna sheria inayoitwa Kanuni ya Adhabu. Sheria hii hueleza makosa ya jinai na adhabu zake. Ndani yake mwamuzi wa mpira hakutajwa kwa jina. Lakini hana haja ya kutajwa. Sheria inamlinda kila mtu. Kuvaa jezi ya mwamuzi hakumwondolei mtu ulinzi huo. Na uwanja wa mpira hauko nje ya nchi.

Haya ni baadhi ya makosa yanayoweza kutokea uwanjani:

Kutukana. Mtu akimtukana mwenzake kwa namna inayoweza kuvunja amani, anatenda kosa. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi sita.

Shambulio la kawaida. Hili ni kumpiga au kumvamia mtu bila kumwachia jeraha. Kofi ni shambulio. Kumsukuma mtu kwa ubaya ni shambulio. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja.

Shambulio la kudhuru mwili. Hapa mtu amepigwa akaumia. Pengine amechanika mdomo, au amevimba jicho. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitano.

Kujeruhi vibaya. Hapa mtu ameumizwa sana. Pengine amepofuka jicho, au amepata kilema. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Na kama mtu alikusudia tangu mwanzo kumjeruhi mwenzake vibaya, adhabu huwa kubwa zaidi.

Mwamuzi akifa, mashtaka huwa ya kuua. Hata kama waliompiga hawakukusudia kumuua, wanaweza kufungwa maisha.

Adhabu hizi ni za juu kabisa. Mahakama hupima kila kesi, na inaweza kutoa adhabu ndogo zaidi. Inaweza pia kumwamuru mkosaji alipe fidia. Fidia ni malipo anayopewa mtu kwa ajili ya madhara aliyoyapata.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu ni wa kutunga. Timu mbili za vijiji jirani zinacheza fainali. Dakika ya mwisho mwamuzi anatoa penalti. Mtu wa kwanza anaingia uwanjani na kumpiga mwamuzi fimbo ya kichwa. Mtu wa pili anamshika mwamuzi mikono ili asikimbie. Mtu wa tatu yuko nje ya mstari. Anapiga kelele, "Mpigeni! Mpigeni!"

Je, mwenye kosa ni nani? Wengi watajibu kuwa ni yule mwenye fimbo peke yake. Sivyo. Anayemsaidia mtu kutenda kosa naye ana kosa. Anayemchochea mwenzake atende kosa naye ana kosa. Kwa hiyo watu wote watatu wanaweza kushtakiwa. Mzee anayekaa pembeni na kuwachochea vijana asifikiri kuwa yuko salama.

Na mwamuzi mwenyewe? Anayo haki ya kujikinga. Lakini kujikinga kuna mpaka. Akishatoka hatarini, hana ruhusa ya kurudi kulipiza kisasi. Akilipiza, naye atashtakiwa.

ADHABU MBILI KWA KOSA MOJA

Mchezaji aliyempiga mwamuzi anaweza kupata adhabu mbili. Adhabu ya kwanza hutoka kwenye chama cha mpira. Mwamuzi huandika taarifa ya mchezo na kuipeleka kwenye chama. Chama kinaweza kumfungia mchezaji, au kuitoza timu faini. Kanuni za shirikisho la dunia, FIFA, zinasema kuwa mchezaji anayempiga mwamuzi afungiwe angalau michezo 15, au kwa muda unaofaa.

Adhabu ya pili hutoka mahakamani. Chama cha mpira hakina gereza. Hakiwezi kumfunga mtu, wala kumsamehe kosa la jinai. Kwa hiyo mchezaji akisema, "Mimi nimekwisha fungiwa na chama," jibu hilo halitoshi mbele ya hakimu.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Mwaka 2006 Ufaransa ilitunga sheria maalumu juu ya waamuzi wa michezo. Kwa sheria hiyo, mwamuzi aliye kazini huhesabiwa kama mtu anayewatumikia wananchi wote. Anayempiga hupata adhabu kubwa kuliko aliyempiga mtu njiani. Hiyo ni njia nzuri. Lakini hata sheria nzuri haiwezi kufanya kazi peke yake. Mahakama haikuwapo uwanjani. Inangoja kusikia kwa watu waliokuwapo. Wakinyamaza, mkosaji atakwenda zake.

UKISHUHUDIA, UFANYE NINI?

Shahidi ni mtu aliyeona au kusikia jambo lilipotokea. Kama umeona mwamuzi akipigwa, wewe ni shahidi. Fuata hatua hizi.

1. Okoeni maisha kwanza. Mtoeni mwamuzi mikononi mwa wanaompiga. Kama ameumia sana, mpelekeni mara moja kwenye zahanati au Hospitali ya Wilaya, Kilindoni. Msingoje karatasi.

2. Msimpige mkosaji. Mkabidhini kwa mgambo au kwa polisi. Mkimpiga, mtakuwa mmetenda kosa lile lile mnalolilaumu.

3. Toeni habari. Mwambieni Afisa Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo. Kisha toeni habari kituo cha polisi. Aliye Jibondo, Juani au Chole hana budi kuvuka kwa chombo, na bahari pengine haimruhusu. Basi atumie simu. Namba ya dharura ni 112.

4. Chukueni fomu ya PF3. Fomu hii hutolewa na polisi. Daktari huijaza na kueleza jinsi mtu alivyoumia. Mahakamani fomu hii ni ushahidi mkubwa. Kidonda hupona, na uvimbe hushuka. Baada ya mwezi mmoja hakuna atakayeuona. Lakini karatasi itabaki.

5. Tunzeni vitu. Fimbo, jiwe, au jezi yenye damu visitupwe wala visifuliwe. Wapeni polisi.

6. Andikeni majina ya walioona. Watu wawili au watatu wanatosha kuanzia.

Kama hujui pa kuanzia, ulizia wasaidizi wa kisheria. Hawa ni watu waliofundishwa kuwasaidia wananchi bila malipo. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

KUSOMA KWAKO KUNA KAZI HAPA

Mwaka 1971 Mafia ilikuwa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa ili watu wake wote wajue kusoma na kuandika kabla ya mwaka huo kwisha. Wazee wetu walikwenda darasani baada ya kazi za shamba na bahari. Nawe msomaji umefuata njia yao. Sasa utumie ulichojifunza.

Ukirudi nyumbani kutoka uwanjani, kaa uandike uliyoyaona. Andika tarehe na saa. Andika jina la uwanja na za timu. Andika nani alifanya nini. Usiandike uliyoambiwa na mwenzako. Andika uliyoyaona kwa macho yako na uliyoyasikia kwa masikio yako. Kesi huchukua muda, na mtu husahau. Maandishi yatakukumbusha.

Polisi nao watayaandika maelezo yako. Kabla ya kutia saini, soma yote. Kama kuna neno hukulisema, sema lisahihishwe. Kama hukuelewa neno, uliza. Zamani mtu alipewa karatasi akatia dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Wewe huna sababu ya kufanya hivyo tena.

JE, TUYAMALIZE NYUMBANI?

Kisiwani watu wengi ni ndugu. Aliyepiga ni mpwa wa huyu. Aliyepigwa ni mkwe wa yule. Kwa hiyo wazee hupenda kusema, "Tuyamalize nyumbani." Upatanishi ni jambo jema. Hata mahakama inaweza kuhimiza upatanishi katika kosa dogo la shambulio.

Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, aliyepigwa akubali kwa hiari yake. Asitishwe, wala asiaibishwe mbele ya watu ili akubali. Pili, mapatano yaandikwe. Yaandikwe nakala mbili, na kila upande utie saini mbele ya mashahidi. Kama kuna malipo ya dawa, kiasi chake na siku ya kulipa viandikwe. Tatu, majeraha makubwa si ya kumalizwa kwa kupeana mikono. Mtu aliyepofuka jicho hawezi kulipwa kwa samahani. Jambo hilo ni la polisi na mahakama.

Tena tukumbuke jambo moja. Mkosaji akiachwa mara ya kwanza, vijana wote wanaona. Watajifunza kuwa kumpiga mwamuzi hakuna hasara.

MWAMUZI AKIKOSEA

Sheria haikuwekwa ili mwamuzi afanye apendavyo. Timu ikiona imeonewa, ina njia ya kufuata. Nahodha azungumze na mwamuzi kwa adabu. Wachezaji wengine wakae mbali. Mchezo ukiisha, timu iandike malalamiko na kuyapeleka kwa kamati ya mashindano, au kwenye chama cha mpira cha wilaya. Mwamuzi asiyejua kazi anaweza kuondolewa na akafundishwa upya. Mwamuzi aliyepokea rushwa apelekewe habari zake TAKUKURU. Rushwa ni kosa la jinai kwake na kwa yule aliyempa.

Zote hizo ni njia za haki. Fimbo si mojawapo.

KAMATI IJIANDAE MAPEMA

Ni bora kuzuia kuliko kushtaki. Kamati ya mashindano ifanye mambo haya kabla ya siku ya mchezo. Iipe habari ofisi ya kijiji, na kwa mchezo mkubwa iwape polisi habari pia. Iombe mgambo wa kutosha. Ifunge kamba kuzunguka uwanja ili washabiki wasiingie. Iamue mwamuzi atapita wapi akitoka, na nani atamsindikiza. Isimchague mwamuzi ambaye ni ndugu wa timu moja. Iwaite manahodha na viongozi wa timu, iwasomee kanuni, nao watie saini.

Na wewe mshabiki una wajibu wako. Shangilia timu yako kwa nguvu zote. Lakini jirani yako akianza kuokota jiwe, mshike mkono. Mwambie, "Hasira hasara." Jiwe likishatoka mkononi halirudi.

Wachezaji wa mpira wana msemo wao: asiyekubali kushindwa si mshindani. Bao lililokataliwa linaweza kufungwa tena wiki ijayo. Jicho la mtu likipofuka, halirudi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mwamuzi wa kijijini anaweza kukosea kwa urahisi kuliko mwamuzi wa uwanja mkubwa?

2. Katika mfano wetu, watu watatu walishiriki. Eleza kosa la kila mmoja.

3. Fomu ya PF3 inatolewa na nani? Inajazwa na nani? Ina faida gani?

4. Je, katika kijiji chenu mwamuzi amewahi kutishwa au kupigwa? Watu walifanya nini? Leo mngefanya nini?

5. Zoezi la kuandika: Fikiri kuwa ulikuwa uwanjani mwamuzi alipopigwa. Andika maelezo ya shahidi yenye mistari kumi. Taja tarehe, saa, mahali, na mambo uliyoyaona wewe mwenyewe. Kisha msomee mwenzako, naye akuambie kama ameelewa.